Outspan ya Nyeri: siku mbili na skauti mmoja na mzee mmoja

Mimi ni mtu wa Mombasa, kwa hiyo lolote nitakaloandika hapa kuhusu baridi lipunguzeni nusu. Nusu itakayobaki ni kweli tupu.

Safari haikuwa wazo langu. Mwanangu ana miaka 12, ni skauti, na tangu mwalimu wao alipowaambia kwamba mwanzilishi wa skauti duniani amezikwa Nyeri, nyumbani kwangu hapakaliki. Nyeri ndiko kwao baba yake. Babu yake anaishi huko, upande wa Tetu, na mtoto amepewa jina la babu kama desturi yao ilivyo, kwa hiyo kwa Kipwani hao ni mtu na somo yake, yaani wenye jina moja. Kila likizo tunakwenda, tunakula mukimo, tunarudi, na hakuna siku mtu aliyetaja kwamba kilomita chache kutoka pale kuna nyumba alimofia Baden-Powell. Mtoto aliliona hilo kama usaliti wa ukoo mzima.

Nikasema basi, mara hii tutalala hoteli ya Outspan, ilimo nyumba hiyo, usiku mmoja, na Mzee, huyo babu yake, tutamchukua tukae naye. Mume wangu alikuwa kazini, akanitakia heri.

Chumba nilikilipia kupitia wakala wa mtandaoni ambaye jina lake nalihifadhi kwa sasa. Ujumbe wa pesa kukatwa uliingia mara mbili. Nikapiga simu, nikaambiwa nisubiri saa 24. Nitarudi kwenye habari hiyo mwishoni.

Kutoka Nairobi ni kama kilomita 150, unapita Thika, Sagana, Karatina. Karatina tulisimama kununua ndizi na parachichi, na hapo ndipo nilipovaa sweta la kwanza. La pili nililivaa getini.

Na getini tukamkuta Mzee. Tulikuwa tumepatana atungoje ndani, mapokezi, penye moto na viti. Alikuwa nje kando ya barabara, kavaa suti yake ya kanisani na kofia, fimbo mkononi. "Baba, mbona hukuingia?" nikamuuliza. "Nilikuwa naangalia magari," akasema. Sikuendelea. Mkwe hamhoji baba mkwe barabarani.

Mapokezi walikuwa wepesi. Walinionyesha kwenye kompyuta kwamba kwao imeingia malipo ya chumba kimoja tu, kwa hiyo lile la pili ni la huko kwa wakala. Wakatupa chumba chenye mahali pa kuota moto. Kama una mtoto, jua kwamba hapo ndipo atakapokaa. Kama wewe ni wa Pwani, hapo ndipo utakapokaa wewe.

Sasa tuje kwenye hoteli yenyewe, maana watu wengi huandika kuhusu mashuka na kifungua kinywa, wakaruka kilichowapeleka.

Outspan ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na Mwingereza aitwaye Eric Sherbrooke Walker pamoja na mkewe Bettie, binti wa ukoo wa kibwanyenye. Maisha ya huyu bwana ni sinema. Aliwahi kuwa katibu wa Baden-Powell, akarusha ndege katika Vita Kuu ya Kwanza hadi akatekwa na Wajerumani, na baada ya vita akafanya magendo ya kuingiza pombe Marekani wakati imepigwa marufuku kule. Pesa za kuoa zilitoka huko. Kisha akaja Kenya, akapata ardhi Nyeri juu ya bonde la mto Chania, akafungua hoteli. Mji wenyewe ulikuwa bado mchanga. Ngome ya Waingereza iliwekwa pale mwaka 1902, baada ya afisa wao Meinertzhagen na askari wake kuwashambulia watu wa Tetu.

Jina la hoteli nilidhani ni la mtu. Kumbe limetoka kwa Makaburu wa Afrika Kusini. Ni ile hatua ya kufungua nira za maksai jioni, safari ya mikokoteni ikishakwisha, ng'ombe wakale majani. Nilimweleza Mzee hivyo kwenye kibaraza. Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo ni boma la ng'ombe," akasema, akaonekana kuridhika, kama mtu aliyepunguziwa bei.

Chai ililetwa kwenye trei: birika la chai, birika dogo la maziwa, sukari pembeni. Mzee akaangalia birika moja, akaangalia la pili. Akamuuliza kijana aliyetuhudumia kama chai na maziwa wameachana. Kijana akacheka mpaka akaweka trei chini. "Pole, Guka," akasema, yaani babu kwa Kikuyu, akaenda, na baada ya muda akarudi na chai iliyochemshwa pamoja na maziwa yake, nzito, ya moto, kama ya nyumbani. Kwa hilo peke yake ninawapa nyota moja nzima. Kuna hoteli Nairobi ukiomba chai ya maziwa wanakutazama kana kwamba umeomba uji wa mgonjwa.

Nyumba iliyomleta mwanangu inaitwa Paxtu, imo ndani ya eneo la hoteli. Ni nyumba ndogo, na watu wengi hushangaa udogo wake. Baden-Powell aliishi Uingereza kwenye nyumba kubwa iitwayo Pax Hill, "pax" ikiwa ni Kilatini cha amani, na alipohamia hapa mwaka 1938, mzee wa miaka 81 mwenye moyo uliochoka, akaiita ya Nyeri Paxtu, yaani Pax ya pili, na "Pax pia" ukilisikiliza jina kwa Kiingereza. Watu wa skauti wanapenda mafumbo. Alikuwa amekwisha kupatembelea na kupapenda. Inajulikana sana kauli yake kwamba kadiri unavyoikaribia Nyeri ndivyo unavyoikaribia raha. Aliishi hapo na mkewe Olave, akichora wanyama na kuandika, akafa tarehe 8 Januari 1941.

Ndani wamehifadhi vitu vyake, na skauti kutoka nchi nyingi wameacha skafu na beji zao. Mwanangu alinyamaza. Huyu ni mtoto anayeongea akiwa amelala, lakini mle alinyamaza. Alikuwa amepanga kuacha skafu yake, kisha akakumbuka kwamba bila skafu hawezi kuhudhuria gwaride la shule, akanitazama kwa huruma kama mtu aliyekwama kati ya imani na kanuni. Tukapatana aache beji moja. Alichukua muda mrefu kuchagua ipi. Aliacha ya upishi, kwa sababu, alisema, ndiyo aliyoipata kwa shida zaidi.

Mzee alibaki mlangoni. Aliuliza swali moja tu: "Na baada ya huyu, nani alikaa humu?"

Swali zuri, na jibu lake wengi hawalijui. Baada ya Uhindi kupata uhuru mwaka 1947, alikuja Jim Corbett, yule mwindaji maarufu wa chui na simbamarara walao watu, akaishi humo humo Paxtu na dada yake Maggie. Huyu ndiye aliyesindikiza wageni wa kifalme Treetops. Na hapo hadithi ya hoteli hii inaingia katika historia ya dunia, kupitia simu.

Treetops, kwa asiyejua, ni mtoto wa Outspan. Mwaka 1932 Walker alijenga vyumba viwili juu ya mti ndani ya msitu wa Nyandarua, ambao ramani za wakoloni ziliuita Aberdare, penye dimbwi la maji na chumvi ambapo tembo na vifaru hujileta wenyewe usiku. Wageni walikula mchana Outspan, wakapelekwa msituni jioni, wakakesha wakitazama wanyama. Mti wenyewe ulikuwa mugumo. Nilipomsomea Mzee sehemu hiyo aliinua kichwa. Chini ya mugumo ndipo Wakikuyu walipotolea sadaka na kumwomba Ngai, Mungu wao, uso ukielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. "Wakapanda juu yake wakalala," akasema. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayesema mbuzi wameingia shambani.

Basi usiku wa tarehe 5 Februari 1952, Binti Mfalme Elizabeth na mumewe walilala Treetops, Corbett akiwa pamoja nao. Usiku huo huo baba yake, Mfalme George wa Sita, akafa usingizini Uingereza. Asubuhi Elizabeth akarudi Sagana Lodge, nyumba ambayo koloni la Kenya lilimpa kama zawadi ya harusi, bila kujua lolote. Katibu wake, Martin Charteris, alikuwa Outspan mchana ule. Mwandishi wa habari aliyekuwa pale hotelini ndiye aliyempasha habari kwamba mfalme amefariki, kabla ya tangazo lolote rasmi kuwafikia, na Charteris akapiga simu Sagana. Kutoka hapo Philip akaambiwa, akamwambia mkewe. Watu husema alipanda mti akiwa binti mfalme, akashuka akiwa malkia, na ni kweli. Ila habari yenyewe ilipita kwanza kwenye simu ya hoteli ya mji mdogo, watu wakiwa kwenye chakula cha mchana. Nilipenda sana kukaa pale nikilifikiria hilo, wakati mhudumu anapita na sahani za supu.

Wageni wengi huishia hapo. Mimi nilikuwa nimekaa na mtu aliyekuwa na miaka sita mwaka huo.

Oktoba 20 mwaka ule ule wa 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa. Mzee alianza kusimulia jioni, mbele ya moto, mtoto amekaa sakafuni. Simulizi ilianzia kwenye handaki. Kando ya msitu serikali ilichimbisha handaki refu ili chakula kisiwafikie wapiganaji wa Mau Mau, na waliochimba ni wanakijiji kwa kulazimishwa, kina mama wengi, mama yake akiwa mmoja wao. Aliondoka nyumbani alfajiri na jembe, akarudi usiku, na viganja vyake, Mzee alisema akifungua vyake mwenyewe mbele ya moto, vilikuwa haviwezi kukunjika kushika kikombe. Yeye ndiye aliyemshikia kikombe anywe. Hapo alikaa kimya, na mwanangu, bila kuambiwa, akamsogezea kikombe chake cha chai karibu na mkono.

Kisha vijiji. Kuanzia katikati ya 1954 zaidi ya watu milioni moja katika nchi ya Wakikuyu waliondolewa kwenye maboma yao, wakaingizwa kwenye vijiji zaidi ya 800 vyenye uzio na walinzi. Nyumba ya kina Mzee ilichomwa wakiwa wanatoa magodoro. Na mwezi Mei mwaka huo huo wapiganaji wakaichoma Treetops, mti na vyumba vyake. Ile inayotajwa sasa ilijengwa upya mwaka 1957, ng'ambo ya dimbwi. "Wao walichoma moja," Mzee akasema, akaweka kuni motoni.

Nikamuuliza sasa, maana usiku unalegeza ulimi hata wa mkwe, kwa nini hakuingia getini mchana. Akasema mjomba wake alikuwa dobi katika hoteli moja ya wazungu, hakutaja ipi wala mji gani, na zamani zile Mwafrika aliingia hoteli akiwa amebeba kitu: kuni, nguo, maziwa, barua. Mikono mitupu ilikuwa kosa. "Miaka yote hii nimepita hapa kwenda sokoni. Hakuna aliyenikataza tangu uhuru. Ila kila nikifika getini natazama mikono yangu, nakuta sina kitu."

Mwanangu akamwambia, "Guka, lakini leo ulikuwa na fimbo."

Alicheka hadi akakohoa.

Asubuhi niamke mapema, niliambiwa, la sivyo mlima utajifunika. Saa kumi na mbili na nusu nilitoka na blanketi la kitandani (samahanini hoteli, nililirudisha). Kulikuwa na umande kwenye nyasi, na Kirinyaga ukakaa pale mbele, vilele vyeusi na theluji kidogo, karibu kuliko nilivyotarajia. Mzee alikuwa amenitangulia. Amevua kofia. Saa tatu mawingu yakashuka, na hatukuuona tena. Kwa hiyo anayetaka picha asilewe usingizi.

Kifungua kinywa: kizuri. Mayai, matunda, nduma za kuchemsha kwa anayejua raha. Mtoto alikula soseji za watu watatu.

Kisha tukaenda makaburini, Kanisa la Mtakatifu Petro, hapo hapo mjini. Kaburi la Baden-Powell ni jeupe, safi, limeelekea mlima. Juu yake kuna duara lenye nukta katikati, alama ambayo skauti huiweka njiani wakimaliza mchezo wa kufuatana, maana yake "nimekwenda nyumbani". Mwanangu alisimama wima akapiga saluti ya vidole vitatu. Majivu ya mkewe yaliletwa kutoka Uingereza yakawekwa hapo baada ya kifo chake mwaka 1977. Corbett naye, aliyefariki mwaka 1955, amelala kwenye makaburi hayo hayo. Kaburi la Baden-Powell ni turathi ya taifa, na kila Februari 22, siku aliyozaliwa, skauti huja kuadhimisha.

Mzee alisoma maandishi yote, polepole, kofia mkononi. Hakumbeza marehemu, hana tabia hiyo. Ila tulipokuwa tunarudi garini alimshika somo yake bega, akamwambia: "Februari ina siku nyingine. Tarehe 18."

Hiyo ni siku aliyonyongwa Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, mwaka 1957, katika gereza la Kamiti. Kimathi alikamatwa Oktoba 21, 1956, huku huku upande wa Tetu, akiwa amepigwa risasi, akatibiwa Nyeri na kuhukumiwa Nyeri. Familia haikupewa mwili. Mjane wake, Mukami, aliomba kwa miongo mingi aoneshwe alipolala mumewe ili amzike, na akafariki Mei 2023 bila kuoneshwa. Mtoto aliuliza, "Sasa watu wakitaka kumpigia saluti wanakwenda wapi?" Mzee akanyoosha fimbo kuelekea Nyandarua, msitu wote ule, kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Tulimrudisha kwake mchana. Hakusema asante kwa maneno, aliagiza tupewe gunia la viazi.

Kwa wanaopanga kwenda. Chukueni masweta, mawili kwa mtu wa bara na matatu kwa mtu wa Pwani. Bei sitaandika kwa sababu hubadilika na msimu, pigeni simu hotelini moja kwa moja. Si hoteli ya anasa za kisasa. Ni ya zamani, mbao na moto na bustani, na anayetafuta vioo na marumaru atafute kwingine. Hata usipolala, chakula cha mchana na matembezi ya Paxtu yanatosha kwa siku moja. Kaburini nendeni asubuhi. Na kama mna mzee wa huko, mchukueni, lakini mtangulie ninyi kufika getini.

Nyota nne. Ya tano wangeipata, ila baridi.

Kuhusu wakala: saa 24 zimekuwa siku 19. Nusu ya pesa imerudi. Nusu nyingine kila nikipiga naambiwa mfumo una hitilafu, nisubiri.